Kisigino cha Mfungua Njia

Msimu wa kusaga miwa ukianza mjini Sainte-Odile, Alcide Narcisse huacha kulala kama watu wengine. Jua linapochomoza yeye ndiyo kwanza anatoka kiwandani, shati limemganda mgongoni kwa mvuke wenye sukari, masikio yanamvuma. Hula kiporo cha wali na maharage mekundu, akajitupa kitandani, na kabla usingizi haujakolea Verlene, mkewe, humtikisa bega. Saa ya mazoezi imefika. Akitoka uwanjani hurudi kiwandani moja kwa moja. Ndivyo alivyoishi kila mwaka, tangu miwa ya kwanza inapokatwa hadi Krismasi inapobisha hodi, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Pengine hata kulalamika kunataka nguvu.

Kiwandani hupanda na kushuka ngazi za chuma, akichunga mitungi mikubwa inayochemsha maji ya miwa. Uwanjani ni kocha msaidizi wa shule ya sekondari ya mji, kazi ambayo ujira wake ni fulana yenye nembo ya shule na kuitwa Kocha na wanaume wenye ndevu waliopita mikononi mwake wakiwa watoto. Mchezo wenyewe ni ule mpira wenye umbo la yai, unaobebwa kifuani na kurushwa kwa mkono. Kusini mwa Louisiana ukimwuliza mtu kama kuna mpira mwingine duniani, atakutazama kama uliyeuliza kama kuna mwezi mwingine.

Timu inayoshambulia huweka mbele majitu matano yaliyoinama, kila moja mkono mmoja umegusa nyasi. Hao hawabebi mpira. Wao ni wafungua njia: kazi yao ni kuwasukuma adui ili mwenzao mwenye mpira apite, au kusimama kama boma ili mrushaji apate nafasi ya kurusha. Upande wa pili kuna ukuta wa walinzi walioinama vilevile. Nyuma ya ukuta huo, hatua chache, wanasimama vijana watatu wa safu ya pili, magoti yamelegea kidogo, mikono inaning'inia. Hao ndio watoto wa Alcide. Wenzao wa mbele husukuma, wao husoma. Ni lazima wajue, kabla mpira haujaenda popote, kama adui anataka kukimbia nao au kuurusha. Akikimbia, waende mbele wazibe pengo. Akirusha, warudi nyuma walinde anga. Anayechelewa kwa muda wa kupepesa jicho tu ameshapitwa, na mji mzima uko vitini unamwona.

Alcide huwafundisha jambo moja tu, na hulirudia mpaka wake za watu waliokaa nje ya uzio wanalijua kwa moyo. Msiangalie mpira, huwaambia, mpira ni muongo. Mrushaji anajifanya kumpa mkimbiaji, mkimbiaji anajikunja kana kwamba amepewa, na wote wawili wamesomea uongo tangu utotoni. Mtazame yule mnene aliyeinama mbele yako. Huyo ana mwili mzito, na mwili mzito hauna siri. Akitaka kuja, sharti ajiegemeze mbele. Akitaka kurudi kumkinga mrushaji, sharti ashushe makalio kama anayekaa. Akichomoka kwenda pembeni, mfuate, maana ndiko njia inakofunguliwa.

"Mfungua njia hasemi uongo," husema. Hapo humaliza somo na kuanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya namna yake. Shule ni ndogo, vijana hawatoshi, na wengi hucheza pande zote mbili. Wakati wa mazoezi wale wanene wote huwa upande wa pili wa uwanja na kocha mwingine, na safu ya pili hubaki bila adui wa kumsoma. Basi Alcide alikuwa adui. Jumamosi huketi kwenye kochi la Verlene akitazama video ya timu ya wiki ijayo huku macho yakijifunga yenyewe, na ifikapo Jumatatu huinama kwenye nyasi kama mfungua njia wa timu hiyo. Kama yule wa video ana pupa, Alcide naye alikuwa na pupa. Kama ana mkono wa kushoto, naye alikuwa wa kushoto. Watu walikuja na viti vyao vya kukunja kumtazama mzee mnene asiye na kofia ngumu akiwarukia vijana. Wakimtania kutoka uzioni: Bwana Alcide, ukianguka hapo tutakunyanyua kwa trekta. Naye bila kugeuka akiwajibu kwamba trekta lao halina mafuta, sembuse breki.

Kilichokuwa hakijulikani kwa watu wa uzioni ni goti la kulia. Misimu miwili nyuma, aliteleza kwenye ngazi iliyomwagikiwa na shira, akaliangukia goti kwa uzito wote. Alisimama, akajipangusa, akamaliza zamu. Hakumwambia mtu. Sainte-Odile mtu akisema mguu unamuuma hupewa ufagio, na mwenye ufagio msimu unaofuata haitwi. Kiwanda kile kinasaga miwa na kinasaga watu, ila makapi ya miwa yana heshima zaidi, maana hayo hutiwa tanuruni yakawasha moto. Makapi ya watu huonekana vibarazani, yamekalia viti vya plastiki, yakitazama magari ya miwa yakipita. Alcide aliwajua wote kwa majina. Hakutaka kuongeza lake. Verlene alilichua goti kwa dawa ya moto kila asubuhi, na siri ikakaa ndani ya nyumba.

Mwaka huo vijana wa safu ya pili walikuwa ajabu ya mazoezi. Kocha mkuu, Wendell Falgout, mwanamume mwembamba mwenye filimbi shingoni na maneno mengi mdomoni, alikuwa akivuka uwanja mzima kuja kuwatazama. Hasa mmoja, Keldric Ozenne. Keldric alikuwa mtoto wa rafiki wa utotoni wa Alcide, na Alcide ndiye aliyemshika siku ya ubatizo, ndiyo maana nje ya uwanja kijana alimwita Parrain, kama kila mtoto wa huko anavyomwita baba yake wa ubatizo. Uwanjani alimwita Kocha kama wengine. Keldric alisoma kama mtu aliyenong'onezwa. Alcide hajanyanyuka bado, kijana ameshafika. Alcide anarudi nyuma, Keldric ameshageuka kulinda anga. Falgout akasema hajaona kitu kama hicho tangu aanze kufundisha.

Halafu Ijumaa zikaanza kufika, na Ijumaa ndiyo siku ya mechi.

Ya kwanza walipigwa. Watu wakasema ni joto. Ya pili wakapigwa, watu wakasema ni waamuzi. Ya tatu wakapigwa nyumbani, mbele ya mama zao, na hakukuwa na cha kusingizia. Wafungua njia wa adui walikuja, na vijana wa Alcide walikuwa wamesimama tu. Keldric alikuwa mbaya kuliko wote. Yule mnene ameshamfikia kifuani ndipo anakumbuka kwenda. Kwenye video alionekana ameinamisha kichwa, kama mtu aliyeangusha sarafu kwenye nyasi.

Alcide aliitazama video hiyo akiwa ametoka zamu, na uchovu ukageuka hasira, kama ugeukavyo. Aliona jambo moja tu linaloweza kulieleza hilo: mtoto ni mwoga. Mbele yake, mzee wa nyumbani asiye na kofia, ni simba. Mbele ya mtu wa kweli anayeyuka. Jumatatu, kwenye chumba cha kutazamia video, vijana wote wakiwa wamekaa chini, alisema kwa sauti ya chini iliyoumiza kuliko kelele.

"Keldric, wewe ni jogoo la shamba. Mjini huwiki."

Vijana walicheka, na kufikia siku ya pili kila Keldric alipopita kwenye korido za shule alisikia mtu akiwika nyuma yake. Alikuwa kijana wa kunyamaza, kama baba yake.

Alcide hakuishia hapo. Alimwendea Falgout akamshauri Ijumaa inayofuata amwanzishe kijana mwingine, Delano, mzito wa miguu lakini asiyeogopa mtu. Falgout alimkumbusha kwamba Ijumaa hiyo hiyo chuo kimoja kidogo cha kaskazini mwa jimbo kinamtuma mtu wake kuja kumtazama Keldric. Chuo kikimpenda, atasomeshwa bure. Kisipompenda, kiwanda kiko palepale, kinafuka moshi, hakimkatai kijana mwenye mgongo mzima. Alcide alilijua hilo kuliko Falgout. Lakini alijibu kwamba hawezi kumweka mwoga uwanjani kwa sababu tu ni mtoto wake wa ubatizo. Wenzake wataumia kwa kosa lake. Falgout akainua mabega. Jina la Delano likabandikwa ukutani.

Ijumaa hiyo ilipokuwa inakaribia, Alcide alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauitibu. Mazoezini Keldric aliwekwa na kundi la pili, na bado aliposimama mbele yake alisoma kila kitu, mapema, safi, bila kosa. Hilo lilimwudhi Alcide zaidi. Alijiona kama mtu anayeonyeshwa mali asiyoruhusiwa kuigusa.

Jumatano Verlene alileta chakula uwanjani. Kiwandani wafanyakazi kadhaa walikuwa wamelala na homa, na Alcide alitakiwa aanze zamu mapema, kwa hiyo angekula palepale. Verlene alikuwa hapendi mpira. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kutazama mazoezi hata mara moja. Kwake mpira ulikuwa mwanamke mwingine wa mumewe, na hakuona sababu ya kumwangalia usoni. Alikaa nyuma ya gari lao la mizigo, sufuria ya wali na soseji ya moshi mapajani imefunikwa taulo, akasubiri. Kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama, alimtazama mumewe.

Alcide alipokuja kula alikuwa ameloa jasho. Akakaa kando yake na kumwuliza ameuonaje mchezo wake.

"Watoto wako wana akili," Verlene alisema. "Wanakujua kama mimi ninavyokujua."

"Wananijua vipi?"

"Kule nyumbani ukitaka kunyanyuka kitini, kwanza unashusha kisigino cha mguu ule mbovu. Mimi nikikiona kimegusa sakafu, nimeshachukua sahani. Na wao ndivyo wanavyofanya. Kisigino kikigusa nyasi, wote wameondoka."

Alcide aliendelea kutafuna. Halafu akaacha. Alibaki ameshika kijiko hewani, na Verlene akamwuliza kama soseji imeharibika.

Mfungua njia anapoinama, visigino vyake huwa hewani. Amekanyaga kwa vidole. Alcide naye aliinama hivyo. Lakini goti lake lilikuwa halikubali kumsukuma mbele kutoka vidoleni, kwa hiyo kila alipotaka kuja, mguu wenyewe, bila kumwomba ruhusa, uliweka kisigino chini kwanza ili goti lipumzike. Alipotaka kurudi nyuma hakukihitaji, kikabaki juu. Hakuwa analijua hilo. Nani hutazama kisigino chake mwenyewe?

Aliacha chakula, akarudi uwanjani, akawaita wale wa kundi la kwanza pamoja na Keldric. Akainama. Kwa makusudi akashusha kisigino, halafu akarudi nyuma. Vijana wote wakaruka mbele, Keldric akitangulia, bega limeshuka, nusura wamwangukie. Akainama tena. Safari hii alikiacha kisigino hewani, akaja mbele, goti likawaka moto hadi kinenani. Wote walirudi nyuma macho yakiwa juu, kama watu wanaongojea mvua, na Alcide akapita katikati yao bila kuguswa.

Delano na wenzake walicheka. Walidhani Kocha amewatega. Keldric hakucheka. Alcide alimwita pembeni, karibu na gari, na akamwuliza akisimama pale huwa anatazama nini.

"Mfungua njia, Kocha. Kama ulivyotufundisha."

"Wapi kwenye mwili wake?"

Kijana alitazama chini. "Kisigino cha kulia."

"Nani alikwambia kisigino?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikiona mwenyewe mwaka jana. Kikishuka, unakuja. Nikawaambia na wenzangu."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nawatazama visigino mpaka macho yananiuma, Parrain. Havishuki. Nilidhani wale wenzetu wanajua kuvificha."

Alcide alimtazama mtoto huyo, aliyemsoma kwa utii wote kila siku ya Mungu, akaitwa mwoga kwa sababu alimwamini mwalimu wake hadi kwenye kisigino. Akamwambia aende akanywe maji.

Verlene alikuwa amesikia yote. Alifunika sufuria. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Utamwambia Falgout?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mke wa Falgout alikuwa dada yake Dulane, na Dulane alikuwa msimamizi wa zamu pale kiwandani, mtu wa kupanga nani apande ngazi na nani ashike ufagio. Falgout hakuwa mbaya, ila hakuwa na kifuniko. Neno likiingia sikioni mwake mchana, jioni liko mezani kwa shemeji yake pamoja na mchuzi. Alcide angeweza kutunga lingine. Angeweza kusema amemhurumia mtoto. Lakini alimjua Falgout: jina likishabandikwa ukutani, halibanduliwi kwa huruma. Lingebanduliwa kwa sababu tu, na sababu ilikuwa moja.

Alimkuta ofisini anahesabu jezi. Alimwambia anaomba Keldric aanze Ijumaa. Falgout alikunja uso. Juzi ulisema ni mwoga, alimjibu, nimeshamwambia Delano, nimeshawaambia wazazi wake, bibi yake anakuja kutoka mbali. Kimebadilika nini tangu juzi?

Alcide alitazama nje. Vijana walikuwa wanabeba magunia ya mipira.

"Goti langu ni bovu," Alcide alisema. "Vijana wamekuwa wakisoma maumivu yangu. Hawakuwahi kujifunza kumsoma mtu mwenye magoti mazima."

Falgout alicheka mwanzoni, akidhani ni utani, kisha akaelewa na kukaa chini. Alitaka kujua tangu lini. Misimu miwili, Alcide alisema. Na kiwandani wanajua? Hawajui, akasema, na angeshukuru kama wasingejua. Falgout aliweka mkono kifuani akaapa kwamba habari hiyo haitatoka chumbani humo. Alcide alimshukuru, akajua imeshatoka.

Alhamisi hakuinama. Alileta ndoo ya plastiki, akaipindua nyuma ya vijana wake, akaikalia. Watu wa uzioni walinong'ona. Kwa mara ya kwanza tangu awe kocha, alikuwa anaona walichokiona wao: migongo, nyasi, na mahali patupu alipozoea kuwa yeye.

Kabla ya kuanza aliwaambia wote kilichotokea, bila kupamba. Akasema yeye ndiye aliyemwita Keldric jogoo la shamba. Jogoo hakuwa na kosa, alisema. Shamba ndilo lililokuwa bovu. Vijana waliinamisha vichwa. Delano, aliyekuwa amenyang'anywa nafasi aliyoishika siku chache tu, alimpiga Keldric kofi la mgongo na kumwambia awike basi, wamsikie. Keldric alitabasamu kidogo tu.

Kisha Alcide alimwita yeye ainame mahali pale patupu, awe mfungua njia. Keldric alilalamika kwamba hajui kazi hiyo. Ndiyo maana nakupa, Alcide alimjibu kutoka kwenye ndoo. Alimwagiza ajifanye anataka kuja mbele kwa nguvu zote, halafu abaki hivyohivyo bila kwenda.

"Uzito wako uko wapi?"

"Mkononi."

"Tazama vifundo vya vidole."

Keldric aliviangalia. Vilikuwa vimekwajuka, vimezama kwenye nyasi. Akaambiwa sasa ajifanye anataka kurudi. Mkono ukawa mwepesi, unagusa tu, kama mtu anayeonja maji ya kuoga, na makalio yakashuka yenyewe kabla hajayaamrisha. Alinyanyua kichwa akamtazama Alcide. Somo lilikuwa limeingia mwilini. Waliendelea hivyo mpaka jua likatoka uwanjani, kila kijana akiinama kwa zamu, kila mmoja akijifunza kutoka ndani ni nini ambacho mtu mzito hawezi kukificha. Alcide aliongea mpaka sauti ikamkauka. Aliumwa zaidi kwa kukaa kuliko alivyowahi kuumwa kwa kuinama.

Ijumaa watu walijaa. Mji ule unampenda kijana siku hiyo moja ya wiki. Hujua namba yake, hujua uzito wake, humlipia kinywaji. Jumatatu haumjui, na akija kiwandani na cheti chake mkononi humwuliza tu kama anaweza kuamka mapema. Mtu wa chuo alikuwa amekaa peke yake karibu na ngazi, koti jepesi, kofia imeshuka usoni. Kila mtu alijifanya hamwoni.

Keldric alianza vibaya. Alikuwa anafikiri, na mlinzi wa safu ya pili anayefikiri ameshachelewa. Mara mbili alipitwa. Watu wakaguna, na kutoka juu kabisa mtu mmoja akawika. Falgout alimtazama Alcide kwa jicho la kuuliza. Alcide alitikisa kichwa: mwache. Hakuwa na uhakika. Alikuwa na uchovu tu, na uchovu wakati mwingine hufanana sana na uhakika.

Baada ya mapumziko, Alcide akiwa amesimama kando ya mstari, alisikia mtu anaita jina lake kutoka uzioni. Alikuwa Dulane, mkebe wa soda mkononi. Aliongea kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba.

"Bwana Alcide, Jumatatu usipande ngazi. Pita ofisini kwanza. Ungeniambia mwenyewe, ndugu yangu, nisingeyasikia kwa watu."

"Sawa," Alcide alisema.

"Sheria si zangu."

"Najua si zako."

Dulane alitaka kuongeza neno. Alcide hakuwa anamtazama tena. Uwanjani, mfungua njia wa adui alikuwa ameinama mbele ya Keldric, pande la mtu lenye shingo kama kisiki. Mrushaji alipaza sauti. Mkimbiaji alijipanga kana kwamba usiku ule wote ni wake. Kila jicho uwanjani lilikuwa kwake, la Dulane likiwemo. Alcide alitazama mkono wa yule mnene kwenye nyasi, na ulikuwa mwepesi. Alitaka kupiga kelele. Hakuhitaji. Keldric alikuwa ameshageuka, anarudi nyuma, anga iko mbele ya macho yake, na mpira ulipotoka mkononi mwa mrushaji ulimkuta yeye mahali ambapo hapakuwa na mwingine. Aliudaka kifuani na kuanguka nao. Uwanja ulichelewa kushangilia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameelewa amefikaje pale.

Baada ya hapo alisoma mara nyingine kadhaa, akakosea mara nyingine kadhaa. Walipigwa tena, kwa kidogo. Vijana walitoka uwanjani wakiburuta miguu, na mama zao wakawafunika mabega kwa mataulo.

Mtu wa chuo hakuondoka mapema kama walivyodhani. Alishuka, akampita Falgout aliyekuwa ameshanyoosha mkono, akamwendea Keldric kwenye mstari. Alimwuliza swali moja: pale alipogeuka kabla ya mpira kurushwa, alikuwa ameona nini. Keldric alimjibu kwamba aliona mkono wake, bwana, haukuwa na uzito. Mtu yule akasema wiki ijayo atarudi, na atakuja na kocha mwenzake. Hakuahidi zaidi ya hapo, na Keldric hakuomba zaidi ya hapo.

Alcide aliyasikia hayo akiwa ameinama anakusanya mipira kwenye gunia. Hakwenda kumkumbatia mtoto wake wa ubatizo. Palikuwa na watu wengi, na goti lilikuwa limegoma. Keldric alimwona kwa mbali, akanyanyua kofia yake ngumu juu kidogo, Alcide akanyanyua gunia.

Verlene alikuwa anamsubiri garini. Safari hii alikuwa ametazama mechi yote. Alimpokea gunia, akalitupa nyuma, akamwambia apite upande wa abiria, ataendesha yeye. Wakakaa bila kuwasha gari, wakingoja magari mengine yapungue. Verlene akauliza ni nini alichotaka Dulane pale uzioni.

"Ufagio," Alcide alisema.

Verlene alishika usukani kwa mikono miwili. Alijua maana ya neno hilo kwa msimu huu na kwa msimu ujao, na kwa kibaraza chao wenyewe. Hakulia na hakulaani. Aliuliza tu kama kijana amefaulu.

"Anarudi kutazamwa wiki ijayo. Mimi nitakuwa kwenye ndoo."

"Basi kesho usitazame video," Verlene alisema. "Kesho utalala."

Alcide alitaka kumwambia kwamba timu ya wiki ijayo ina wafungua njia wagumu, wa kuchomoka pembeni, na kwamba vijana hawajafundishwa bado kuwafuata. Alifungua mdomo. Verlene aliwasha gari, na kabla hawajafika kwenye lango Alcide alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, mguu mbovu ameunyoosha mbele kadiri gari lilivyoruhusu.